Kabati la Koplo Faki Halina Kitu

Mji ule haukuwa na jina, kwa sababu kamati iliyopewa kazi ya kuupa jina ilikuwa bado kikaoni. Wajumbe wake wa mwanzo walikwisha kufa wote, wakarithiwa na watoto wao, nao watoto wakaanza upya kwa kusoma muhtasari wa kikao kilichopita. Jua lilichomoza upande wowote lililojisikia. Watu walizoea. Mtu akitaka kuanika nguo alifunga kamba pande zote mbili za nyumba, basi, mambo yakaisha.

Lakini pamoja na ulegevu wote huo, kulikuwa na jambo moja ambalo mji ule haukulifanyia mzaha hata chembe. Askari akifa, wanawe walitakiwa wampeleke kwenye Jumba la Mashujaa akiwa ndani ya kabati. Si yeye mwenyewe, la hasha, yeye huzikwa siku ile ile kama watu wanavyozikwa. Nasema kabati la mbao, lenye vioo mbele, na ndani yake rafu, na juu ya rafu vitu vya kuthibitisha kwamba marehemu alikuwa shujaa. Mkaguzi wa Jumba hulitazama, akiridhika anaziba milango yake kwa gundi, na kabati linaingia Jumbani wala halifunguliwi tena. Yote hayo yawe yamekwisha kufikia arobaini. Arobaini ikipita na kabati halijaingia, marehemu anahesabiwa kuwa mtu aliyewahi kuvaa buti, hakuna zaidi.

Sasa Koplo Faki alikuwa amekufa, na mwanawe Machano alikuwa seremala. Watu wakasema, hapo sasa! Na Machano mwenyewe, mtu mzima aliyekwisha kufikia umri wa kuguna kila anapoinuka, aliapa kaburini kwamba baba yake atapata kabati ambalo makabati mengine yote yataliamkia. Akachagua mninga uliokauka vizuri. Akaupasua, akauranda kwa mkono, akachonga viungo kwa patasi bila msumari hata mmoja, kwa sababu aliona ni utovu wa adabu kumpigilia baba misumari. Alikuwa akilia huku anaranda, machozi yakadondokea mbao, ikabidi asubiri zikauke tena. Akapiga msasa, akapiga vanishi, akatia vioo, akafunga bawaba za shaba. Likatoka kabati, jamani, kabati la kumfanya mtu avue viatu kabla hajalikaribia. Tatizo likawa moja tu. Hakuwa na kitu cha kuweka ndani.

Sanduku la marehemu lilipofunguliwa lilikutwa na kanzu, na kanzu nyingine, na kipande cha sabuni ya kufulia. Medali hakuna. Kofia hakuna. Hata kifungo cha jeshi hakikuonekana. Na habari za vita Koplo Faki hakuwahi kumpa mtu. Ukimuuliza alikuwa anasema, "Chai inapoa." Ukisubiri aimalize chai ndipo umuulize tena, alikuwa anasema, "Chai imekwisha," anajipangusa ndevu, anaondoka zake. Machano alikulia katika nyumba ile, akaoa humo, akazeekea humo, na vita vyote vya baba yake alivyovijua vilikuwa chai.

Basi akakaa juu ya rundo la maranda akaanza kuwaza, kazi ambayo hakuizoea na iliyomtia kiu. Ushujaa una urefu gani? Rafu hii ni dhiraa na shibiri. Unaingia? Na kama ni mrefu, unakunjwa? Na mtu asiyejulikana alichofanya, ni sawa na mtu asiyefanya? Kabla sijazaliwa baba alikuwa nani? Alikuwa baba wa nani, kama mimi sipo? Labda alikuwa Faki tu. Sasa huyo Faki tu nimemkuta wapi mimi hata nimtengenezee kabati? Ninamliaje mtu nisiyemjua? Ala! Na mbona nalia kweli? Akakohoa, akajipangusa kwa kitambaa cha vanishi, akawashwa na pua mchana kutwa.

Aliporudi kutoka kunawa alikuta kabati limejaa vikombe.

"Mwanakheri!" akapiga ukelele. Mwanakheri ni dada yake mkubwa, mjane, waliyekuwa wakikaa naye nyumba moja na ambaye hakuwahi kuitwa akaja bila ya kisu cha vitunguu mkononi. "Nani kaweka vikombe humu?"

"Mimi. Kwani vimekukosea nini?"

"Hili kabati la baba!"

"Baba hajakataa."

"Dada, hili si kabati la vyombo. Ni kabati la heshima."

"Na hivi vikombe vya wageni si heshima? Tangu mama avinunue hakuna mdomo uliovigusa. Mimi mwenyewe nilichapwa kwa kuvitazama karibu. Unataka heshima gani kuliko hiyo?"

Na ilikuwa kweli. Katika mji ule, sijui kwenu, kila nyumba ilikuwa na kabati la kioo sebuleni, na ndani yake vikombe vyenye ukingo wa dhahabu ambavyo wenye nyumba hawakuruhusiwa kuvinywea maisha yao yote. Wao walinywea vya bati. Vile vilikuwa vya mgeni, na mgeni mwenyewe hakuwahi kuonekana anayestahili. Kwa hiyo mwanamke wa mji ule akiona kabati la kioo tupu hakuweza kuvumilia, ilikuwa kama kumwona mtu yuko uchi barabarani, atamfunika kwanza maswali baadaye. Machano akivitoa vikombe asubuhi, jioni vimerudi. Akimfungia Mwanakheri mlango, majirani wanapitia nyuma, mmoja na maua ya plastiki, mwingine na chupa ya chai mpya, mwingine na vitambaa vya kufuma vya kutandika chini ya vikombe. Wanasema, "Tumeona linapwaya, fundi."

Ndivyo alivyolikuta Mkaguzi. Jina lake Bwana Tawakali, mwembamba, amevaa kofia yenye ukingo mbele na glavu nyeupe, na alikuwa na tabia ya kusimama kama anayesubiri kupigwa picha. Akalizunguka kabati. Akatazama vikombe, akatazama vitambaa, akainama akanusa maua ya plastiki.

"Marehemu alipigana na nani?" akauliza. "Na kiu?"

"Vitatolewa, Bwana Mkaguzi," akasema Machano. "Ni mambo ya akina mama."

"Mimi sina neno na vikombe. Nina neno na ushujaa. Uko wapi? Baba yangu mimi, kabati lake ndilo kubwa kuliko yote mle Jumbani. Medali zimejaa mpaka rafu ya chini kabisa. Alifia vitani, mimi bado niko tumboni. Kila asubuhi naanza kazi kwa kukifuta kioo chake, na nikishakifuta najiona mwenyewe mle ndani, kati ya medali, nasema, haya, huyo ndiye baba." Akanyoosha glavu. "Sasa wewe umeishi na wako mpaka ndevu zimekuota mvi, halafu unaniambia huna hata kitu kimoja cha kuweka rafu ya juu?"

Maneno yale yalimchoma Machano, tena yalimchoma mahali penyewe. Akaahidi kwamba kitu kitapatikana.

"Nitarudi arobaini na gundi yangu," akasema Bwana Tawakali. "Kitu kimoja tu. Kisipokuwepo, ndio basi, koplo wako tunamsahau rasmi."

Ila msomaji, kuna desturi sijakueleza, nayo ni hii. Mtu akifa katika mji ule alikuwa na ruhusa ya kutembelea kwake mpaka siku ya arobaini, kwa umri wowote anaoutaka mwenyewe. Wengi waliwatesa watu wao. Wako waliorudi wachanga, wakalia usiku kucha, watu wakabembeleza babu. Koplo Faki alikuwa mtu asiyependa kusumbua, ndiyo maana siku zilikwenda na hajaonekana. Alipokuja alikuja asubuhi, karakanani, na alikuwa kijana wa kunyoa kwa mara ya kwanza, kavaa sare iliyomzidi mabega, na buti amezining'iniza shingoni kwa kamba zake kwa sababu zilikuwa zinambana.

Machano alimtambua hapo hapo kwa umbo la masikio yake. Akasimama. Kijana naye akasimama. Na hapo pakazuka balaa.

Nani amwamkie mwenzake? Machano ni mwana, na mwana ndiye anayempa baba shikamoo, hilo halina mjadala. Lakini Machano ana mvi, na huyu aliyesimama mbele yake hana hata sharubu za kueleweka. Mtu mzima ataanzaje kumwamkia kijana? Watu wakipita watasemaje? Kijana naye anaona mzee wa watu, adabu inamtuma aamkie, lakini kitu ndani yake kinamwambia, ngoja, huyu ni wako. Basi wakatazamana. Wakatabasamu. Machano akaokota msasa akauweka chini. Kijana akajikuna kisigino. Hata salamu ya kawaida haikuweza kupita kabla ya shikamoo. Mwanakheri alipita akachungulia, akapita tena akachungulia, akasema, "Nyie mmefanywa nini?" Mwishowe wote wawili wakasema "Shikamoo" kwa pamoja, wote wawili wakaitikia "Marahaba," wakashusha pumzi, wakakaa.

"Kabati zuri," akasema kijana. "La nani?"

"La baba yangu."

"Yuko?"

"Amefariki."

"Pole sana, mzee wangu," akasema kijana kwa huruma ya kweli kabisa, akamshika Machano bega. Machano akashindwa kuzuia machozi. Alikuwa amepewa pole na mji mzima, lakini hii ya marehemu mwenyewe ndiyo iliyoingia.

"Alikuwa askari," akasema. "Nataka kitu alichokifanya vitani nikiweke humu."

"Alifanya nini?"

"Wewe ndiye wa kuniambia!"

"Mimi? Mimi ndio kwanza naondoka. Lori linapakia hapo nje." Na kweli, honi ililia barabarani.

Hapo Machano akaona mlango wa riziki. Akamvuta kijana mpaka kwenye kabati, akamfungulia, akamwonyesha rafu ya juu. "Sikiliza, bwana mdogo. Baba. Sikiliza. Ukifika huko fanya kitu. Hata kidogo. Teka bendera, okoa kamanda, vyovyote utakavyoona. Ila kisizidi upana huu," akapima kwa shibiri, "halafu ukirudi uje nacho."

Kijana akaitazama rafu muda mrefu. "Mzee," akasema, "naogopa."

Machano hakuwahi kumsikia baba yake akisema anaogopa. Hata neno lenyewe hakudhani kwamba linaweza kutoka katika kinywa kile. Rafu ikamtoka akilini, Jumba likamtoka, akajikuta amemshika kijana mkono kwa nguvu. "Usiende basi! Kaa hapa. Nitakuficha kwenye maranda."

"Nisipokwenda utaweka nini kabatini?"

Honi ikalia tena. Kijana akazivaa zile buti, akauma meno zilipombana, akatoka kwa mlango wa mbele. Machano akamkimbilia mpaka barabarani, akakuta jua limehamia upande mwingine na lori halipo.

Akageuka kurudi ndani. Hajafika kwenye meza yake ya kazi, mlango wa nyuma ukafunguka, akaingia baba yake, umri wake sasa ni wa mtu aliyekwisha pitia mambo. Amekonda. Sikio moja limekatika ncha. Buti hana, na miguu imefungwa vitambaa. Akakaa palepale juu ya maranda.

"Umefanya?" akauliza Machano.

"Chai iko?" akauliza baba.

Mwanakheri alikwisha kusikia. Akaja na chai, na la ajabu, aliileta katika kikombe chenye ukingo wa dhahabu.

"Dada! Hicho si cha wageni?"

"Huyu ametoka mbali," akasema Mwanakheri. "Kama huyu si mgeni, basi mgeni hayupo."

Baba akanywa. Machano akangoja. Akajua kwamba chai ikiisha na yeye ataambiwa imekwisha, kwa hiyo akapiga magoti kwenye maranda akasema haraka haraka, "Baba, nakuomba kwa jina la mama. Kesho arobaini. Wanataka kukusahau rasmi, na mimi siwezi, wallahi siwezi. Ulifanya nini huko?"

Baba akakitua kikombe.

"Nilirudi."

"Najua ulirudi. Kabla ya kurudi?"

"Kabla ya kurudi nilikuwa narudi. Tangu siku ya kwanza, mwanangu. Wenzangu walisema wanakwenda vitani. Mimi tangu napanda lile lori nilikuwa narudi nyumbani, vita nikavikuta njiani." Akafikiri. "Ilikuwa kazi. Sijapata kufanya kazi ngumu kama ile. Kila mtu kule alikuwa na sababu ya kutaka nisirudi, hata walio upande wangu."

Kisha akalala palepale, maranda yakamfunika mpaka kichwani, na Mwanakheri akakichukua kikombe akaenda kukiosha peke yake.

Siku ya arobaini watu walijaa uani, sufuria za pilau zikapanda motoni, na Bwana Tawakali akaja na mkokoteni, kopo la gundi na brashi. Kabati lilikuwa katikati ya karakana. Vikombe vimetolewa, maua yametolewa, vioo vimefutwa. Tupu kabisa.

"Kitu kiko wapi?"

Machano akavua ndala. Akafungua milango ya kabati, akaguna kama kawaida yake, akapanda, akajikunja, akaketi kwenye rafu.

"Unafanya nini, fundi?"

"Nakaa."

"Nakuuliza kitu cha marehemu!"

"Ndicho hiki," akasema Machano kutoka ndani, magoti yamemfika kidevuni. "Alirudi. Hiyo ndiyo kazi aliyofanya. Asingerudi, mimi nisingekuwepo, wala mbao hizi zisingerandwa. Andika: alirudi, na alichokuja nacho ndio mimi. Ziba."

Mwanakheri alikuwa mlangoni na kisu chake cha vitunguu. "Ati nini? Na mimi je? Nani aliyezaliwa wa kwanza hapa?"

"Dada, si wakati wake."

"Ni wakati wake kabisa! Rafu ya juu ni yangu. Wewe shuka kwenye ya chini." Akaweka kisu mezani, akajifunga kanga kiunoni, akapanda. Machano akasogea huku ananung'unika, Mwanakheri akamkanyaga kichwa, akaomba radhi, akapata mahali pake. Kabati la mninga likalia kidogo, likatulia. Majirani waliokuwa madirishani wakasema sasa limeenea.

Bwana Tawakali akawa mwekundu wa macho. "Kurudi si ushujaa!" akapaza sauti. "Kurudi hata mbuzi jioni wanarudi! Mtu yeyote anaweza kurudi!"

"Wako alirudi?" akauliza Mwanakheri kutoka juu.

Machano aliigonga rafu ya dada yake kwa kiwiko, lakini neno lilikwisha toka, na Mwanakheri mwenyewe akaweka mkono mdomoni kwa majuto. Bwana Tawakali alichovya brashi kwenye gundi, akaja mpaka kwenye kabati, akaifunga milango, akaanza kupaka kwenye maungio, taratibu, kuanzia juu. Kwa ndani walimwona uso wake karibu kabisa na kioo. Machano akaingiwa na hofu sasa, hofu ya kweli, maana hewa ilianza kuwa nzito na harufu ya vanishi. Lakini akasema moyoni, kama ndiyo bei ya kutosahauliwa kwa baba, na iwe.

"Tokeni humo."

Maranda yalitikisika. Koplo Faki aliinuka humo akiwa mzee, yule yule waliyemzika, kanzu imegandwa na vumbi la mbao, ndevu nyeupe pe. Hakuna aliyeuliza nani amwamkie nani. Watu wote wakasema shikamoo.

"Baba, ni kwa ajili ya heshima yako," akasema Machano kwa sauti iliyozibwa na kioo.

"Tokeni humo nimesema. Sikurudi ili mje mkae kabatini."

Gundi ilikuwa bado mbichi. Machano akausukuma mlango ukaachia. Mguu mmoja ulikuwa umekufa ganzi, baba yake akampa mkono akamvuta, na mkono ule ulikuwa na joto na umekakamaa kiganjani kama alivyoujua siku zote. Akamshusha na Mwanakheri. Machano akajua kwamba Jumba wamekwisha likosa, na kwamba jua likihama upande mara moja zaidi baba atakuwa amekwenda moja kwa moja. Ilimuuma. Lakini alikuwa ameshikwa mkono, na akaona kwamba hicho ndicho alichokuwa akikitafuta tangu alipoanza kupasua mbao. Akalia waziwazi mbele ya majirani, wala hakutafuta kitambaa.

Bwana Tawakali alibaki amesimama na brashi yake, gundi inamdondokea kwenye kiatu.

"Mzee," akasema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa. "Kule, baba yangu ulimwona?"

"Walikuwa wengi, mwanangu," akasema Koplo Faki. "Wote walikuwa wanarudi."

Bwana Tawakali akatikisa kichwa, akatikisa tena. Akavua kofia. Akavua glavu moja, ya pili ikamshinda kwa gundi, akaiacha.

"Mzee. Na mimi niambie."

"Nikwambie nini?"

"Hivyo ulivyowaambia hawa. Nitoke."

Koplo Faki akamtazama kutoka kichwani mpaka miguuni. Mkaguzi alikuwa amesimama katikati ya karakana, peke yake, mlango uko wazi nyuma yake na hakuna kitu chochote kilichomzunguka.

"Toka, mwanangu," akasema. "Toka humo."

Na Mkaguzi akainua mguu juu kidogo, taratibu, kama mtu anayevuka ubao wa kabati, akaukanyagisha chini upande wa pili, halafu na mguu mwingine, akatoka.